Klipu za mfano na nyanya za juu ya sado

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi na mwenzangu tunataka kupiga filamu fupi ya dakika 20 huko Pangani, inayomhusu mvuvi mzee na mjukuu wake. Nusu ni mchana baharini, nusu ni usiku kibandani kwa mwanga wa koroboi. Tuna hela ya kamera moja tu, tena ya mtumba, na tumebakiwa na tatu za kuchagua: Sony A7 III, Panasonic GH5 na Blackmagic Pocket Cinema Camera 4K. Nimetazama klipu za mfano za zote mpaka bando limekata. Mimi imenivutia Sony, rangi zimekolea na nyuma kumefifia vizuri, lakini mwenzangu anang'ang'ania Blackmagic. Klipu tatu tunazobishania nimekuambatishia. Tuamini ipi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Klipu zako nimezitazama zote, mara ya kwanza na muziki wake, mara ya pili nimezima sauti. Ya Sony ni binti anatembea kwenye shamba la ngano, jua linazama mgongoni kwake, mwendo umepunguzwa kasi, lenzi imefunguliwa mpaka mwisho. Ya GH5 ni mtaa wa mji fulani wa Ulaya baada ya mvua. Ya Blackmagic ni fundi anakaanga kahawa kwenye banda lenye moshi mzuri. Hamna bahari, hamna jua la saa saba, hamna koroboi, na katika zote tatu sikuona uso mweusi hata mmoja. Ulichokipenda kwenye ile ya Sony ni jioni, lenzi ambayo peke yake yaweza kuzidi bajeti yenu nzima, na mtu aliyekaa akirekebisha rangi usiku kucha. Kamera ilikuwepo tu.

Nyanya za sokoni unazijua. Muuzaji anapanga nzuri juu ya sado, zilizobonyea zinakaa chini. Hatumwiti mwizi, ndiyo biashara, na anayejua kununua hupenyeza mkono chini kabla ya kutoa hela. Aliyepiga klipu ya mfano naye amerekodi saa mbili akachagua sekunde 40. Kwa hiyo nitakueleza namna ya kupenyeza mkono. Nikimaliza nitakwambia ningechukua ipi, ila hilo ndilo jambo dogo kwenye jibu hili.

Anza kwa kupata faili lenyewe. Unachokitazama YouTube sicho kilichotoka kwenye kamera. A7 III inarekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde. Ikipandishwa YouTube inabanwa upya, na ukiitazama kwa 1080p unafikiwa na megabiti chache tu. Kinachotupwa njiani ndicho hasa ulichotaka kukikagua: chembechembe za gizani, nyuzi za nguo, mabadiliko madogo ya rangi angani. Ukiona mbingu imekatika ngazi-ngazi huwezi kujua ni dhambi ya kamera au ya YouTube. Ukiona giza safi, huwezi kujua kama sensa (kipande cha kamera kinachopokea mwanga) ni safi au chembechembe zimepigwa pasi huko njiani. Kama huna namna nyingine, chagua 2160p hata kama skrini yako ni ndogo, maana video iliyopandishwa kwa 4K huonewa huruma kidogo wakati wa kubanwa. Lakini hiyo ni kupunguza makosa tu, si kuyaondoa.

Wapo wapigaji wanaotoa faili la asili ulipakue. Blackmagic wenyewe huweka klipu za .braw, faili ghafi za kamera zao, kwenye tovuti yao (za juu ya sado, sawa, lakini angalau ni nyanya halisi). Za Sony na Panasonic utazipata kwa wapigaji binafsi, na hapo neno "asili" usilimeze kabla hujapiga hesabu. Megabiti 100 ni megabaiti 12.5. Sekunde 20 za A7 III kwa 4K ziwe karibu megabaiti 250. Mtu akikupa klipu "kama ilivyotoka kwenye kamera" ya sekunde 20 yenye megabaiti 30, ujue imeshapita mikononi mwa watu. GH5 inarekodi 4K ya biti 10 kwa megabiti 150, na sasisho la mwaka 2017 liliiongezea uwezo wa 400, ambazo ni gigabaiti 3 kwa dakika moja. Bando litalia, najua. Hata hivyo klipu moja ya kweli ya sekunde 15 itakufunza kuliko ishirini zilizobanwa.

Tazama na jina la faili. Sony huyaita C0001.MP4, C0002.MP4 na kuendelea, na kila moja lina kifaili cha pembeni mfano wa C0001M01.XML. Panasonic huanza na P kisha namba. Jina likiwa "sony_cinematic_final2" basi limeshapita kwa mhariri. Hatua inayofuata, lifungue kwa MediaInfo, programu ndogo ya bure. Itakwambia kama ni biti 8 au 10, kama rangi ni 4:2:0 au 4:2:2 (hii ya pili huhifadhi rangi zaidi), bitireti, yaani megabiti kwa sekunde, ni ngapi, na pia programu iliyoandika faili hilo. Mstari huo ukisoma Lavf, faili limepitia FFmpeg, programu ya kubadilisha video, yaani si lile lililoandikwa na kamera. Lifute, nenda kwa jingine. Mimi sikulijua hilo kwa miaka kadhaa, nikawa najenga hoja nzito juu ya faili ambazo kamera zenyewe zisingezitambua.

Kutazama nako kuna adabu yake. Simu nyingi hukoleza rangi zenyewe, kwa hiyo hukumu usiitolee kwenye simu. Weka kwenye kompyuta, kuza mpaka asilimia 100 ili pikseli moja ya video ikae kwenye pikseli moja ya skrini, zima sauti, sogeza fremu moja moja. Sauti izime kabisa. Muziki wa piano ukilia polepole, hata picha ya kamera ya ulinzi inaanza kukutoa machozi. Na ukikuta klipu ya asili imefubaa kama nguo iliyozidishiwa jiki, usiikimbie. Hiyo imerekodiwa kwa logi: S-Log kwa Sony, V-Log kwa Panasonic. Imefubaa kwa makusudi ili kubeba mwanga mwingi, na rangi huvutwa baadaye. Klipu ya namna hiyo ndiyo unayoitaka, kwa sababu utaivuta mwenyewe uone inapasukia wapi.

Sasa mkono ndani ya sado. Anza na mbingu. Picha ya biti 8 ina ngazi 256 kwa kila rangi, ya biti 10 ina 1,024. Kwa video ya kawaida 256 zinatosha, harusi ngapi tumezipiga kwa biti 8 na bibi harusi hakulalamika. Taabu inaanza ukirekodi logi ndani ya biti 8, na A7 III haina biti 10 kwenye video, iwe ndani ya kadi au nje. Katika S-Log3, stopu moja ya mwanga (hatua ya kuuzidisha mara mbili) inapata ngazi kama 20 tu. Vuta rangi kidogo, ongeza ukolezi, na mbingu ya Pangani saa kumi na mbili jioni inageuka ngazi za msikiti. Kwa hiyo kwenye klipu ya Sony tafuta mbingu tupu au ukuta uliopakwa rangi moja, ivute kwa nguvu kuliko utakavyovuta kwenye filamu, halafu tazama. Za GH5 na Blackmagic zifanyie vivyo hivyo. Hapo utaelewa mwenzako anang'ang'ania nini, hata kama yeye mwenyewe hajui kukueleza.

Kisha maji na majani. Kodeki nyingi, yaani njia za kubana video, hazihifadhi kila fremu nzima. Zinahifadhi moja kamili, halafu kwa zinazofuata zinaandika tofauti tu. Mtu aliyeketi mbele ya ukuta anatembea na tofauti ndogo, kodeki inapumua. Bahari yenye viwimbi vya kusi, au makuti ya mnazi yanayopigwa na upepo, kila kipande cha picha kimehama, na bitireti ni ile ile. Simamisha fremu, kodolea maji ya nyuma mbali na mhusika. Ukiona yamekuwa uji, au vijumba vya mraba vinacheza ndani yake, umeipata nyanya iliyobonyea. Hili ndilo linalofanya klipu za shamba la ngano zipendwe na wanaotaka kuringa: ngano ya mbali iliyofifishwa na lenzi haiidai kodeki kitu.

Mkeka, mabati, kikoi cha mistari: kwenye michoro midogo inayojirudia picha huota mawimbi ya rangi ambayo hayapo. Canon EOS 5D Mark II ya mwaka 2008, iliyotufungulia wengi mlango wa sensa kubwa kwa bei ya kawaida, ilikuwa inaruka mistari ya sensa ikirekodi video, na bati lolote la mbali lilikuwa linacheza ngoma. Kamera zako tatu haziruki mistari, lakini GH5 na Pocket 4K hazina kichujio cha kulainisha mbele ya sensa, kwa hiyo mkeka wa ukili kwa mbali unaweza kuwasumbua. Halinitishi sana. Unasogea hatua moja au unafifisha kidogo, limekwisha.

Kinachonitisha ni kanzu na uso, na hapa naomba ukae nami.

Mzee wako amevaa kanzu nyeupe, au fulana nyeupe, yuko ndani ya dau, saa saba mchana. Kitambaa cheupe kinarudisha karibu mwanga wote unaokiangukia. Ngozi nyeusi iliyokwisha kupigwa na jua la bahari inarudisha labda sehemu moja ya kumi. Kati ya kanzu na shavu tayari una stopu tatu na zaidi, na kila stopu ni mwanga mara mbili. Mvike kofia ya ukili, uso uingie kivulini, ongeza stopu mbili. Nyuma yake bahari inametameta, hiyo ni nyingine kabisa. Sensa inatakiwa ibebe vyote hivyo katika fremu moja, na wewe huna jenereta wala taa kubwa ndani ya dau.

Unapokagua klipu usiulize kama kitambaa cheupe ni cheupe. Uliza kinauendeaje weupe. Kwenye picha nzuri mikunjo inapotea mmoja baada ya mwingine, taratibu, mpaka unafika mahali pasipo na kitu bila kujua ulivuka saa ngapi. Kwenye picha mbaya kuna ukingo kama umekatwa kwa mkasi: huku mkunjo, huku karatasi, na ukingoni mara nyingi pana ukanda wa manjano au waridi usiokuwa na wenyewe. Hamia kwenye uso. Tafuta paji lenye jasho au mfupa wa shavu unaong'aa. Rangi ya ngozi inapopanda kutoka kahawia nzito kwenda kwenye mng'ao inapita njia ipi? Ikipita kwenye kahawia nyepesi yenye joto, sawa. Ikirukia kijivu, au wekundu unaokaa kama vipande, basi fahamu kwamba uso huo ndio mtu ataukodolea macho kwa dakika 20.

Hili nimelilipia. Zamani nilinunua kamera kwa kutazama klipu za mfano peke yake, na kazi yangu ya kwanza nayo ikawa harusi ya mchana Bagamoyo. Bwana harusi mweusi tii, kanzu nyeupe pee, uani kwenye jua. Nikapima kwa uso, kanzu ikaungua yote, darizi ya kifuani aliyoifuata mpaka Lamu haionekani hata uzi mmoja. Mchana ukaenda, nikabadili, nikapima kwa kanzu, na uso nikaja kuunyanyua kwenye uhariri ukajaa madoa ya kijani. Mama wa bwana harusi alitazama kimya, mwisho akauliza, "Mwanangu alikuwa anaumwa siku ile?" Klipu nilizonunulia kamera zilikuwa za wasichana weupe ufukweni, na kwao kamera ile ile ilifanya kazi nzuri.

Jambo hili lina historia. Enzi za filamu za mkanda, Kodak walikuwa wanazipelekea maabara kadi ya kulinganishia rangi yenye picha ya mwanamke mweupe. Kadi ziliitwa Shirley. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine ilihesabiwa iko sawa, na wengine wote tulitoka tulivyotoka. Ilipofika miaka ya 1990 ndipo zikaja kadi zenye watu wa rangi mbalimbali. Sensa ya leo haina Shirley ndani yake, ila wapigaji wengi wa klipu za mfano bado wanaye kichwani. Hata ile kanuni ya kuweka mistari ya zebra (ile inayotokea kwenye skrini mahali mwanga umefika kiwango ulichopanga) kwenye asilimia 70 na kuifanya iguse uso ilitungwa kwa ngozi nyeupe. Ukiifuata kwa mzee wa Pangani, kanzu na bahari vimeshaungua. Uso wake ukikaa kwenye 40 hivi, akaonekana mweusi kama alivyo, hujakosea kitu.

Usiku. Moto wa koroboi ni mdogo, na karibu wote ni wekundu na manjano, kwa hiyo sehemu ya bluu ya sensa inabaki na njaa. Kwenye klipu za gizani fungua rangi ya bluu peke yake ndani ya DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, na utaona ugonjwa wote umejificha humo. Chembechembe zinazorukaruka kama punje hazinisumbui, zina uhai wake. Zinazosumbua ni zile zilizojipanga mistari na kusimama palepale huku mtu anasogea. Na mtu akigeuza kichwa gizani, tazama kama shavu linaacha kivuli nyuma yake, au ndevu zimekuwa kama zimepakwa mafuta. Hapo kamera imefuta chembechembe kwa nguvu ikafuta na sura.

Klipu za usiku za Pocket 4K ziulizie ISO iliyotumika, yaani kipimo cha wepesi wa kamera kwa mwanga. Kamera hiyo ina ISO za asili mbili, 400 na 3200. Kutoka 100 mpaka 1000 inatumia ile ya kwanza, kuanzia 1250 inahamia ya pili, kwa hiyo 1250 ni safi kuliko 1000, jambo ambalo mtu asiyesoma hawezi kulidhania. Nimeona watu wakiitukana kwa klipu zilizopigwa 1000.

Mambo mawili ya haraka. Klipu za gimbo (mkono wa kutuliza kamera) huficha jinsi picha inavyolala kamera ikigeuzwa ghafla, maana sensa inasoma mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini. Tafuta klipu iliyopigwa dirishani mwa gari. Nguzo za umeme zikilala, na mlingoti wa dau utalala hivyo hivyo wimbi likikutikisa. La pili, klipu nyingi zimepigwa Marekani, ambako umeme ni hezi 60. Kwetu ni 50, na taa zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Shata, yaani muda kila fremu inapokea mwanga, ya 1/50 inakusanya mapigo mawili kamili, ya 1/100 moja kamili, ila ya 1/60 inakusanya moja na kipande, kwa hiyo kila fremu inapata mwanga tofauti na mistari inaanza kutembea ukutani. Koroboi haipepesi hivyo, lakini mkipiga dukani kwenye tyubu, fremu 25 na shata 1/50, na yule wa kwenye klipu mwacheni na yake.

Yapo ambayo hakuna klipu itakayokuonyesha hata ukikagua mwaka mzima, na ndiyo yatakayowaua baharini. Jua la mchana kwa kanuni ya zamani ni f/16 (f ni uwazi wa lenzi, namba ndogo ndiyo uwazi mkubwa), shata 1/100, ISO 100. S-Log ya A7 III inaanzia ISO 800. Ukitaka f/2.8 na shata 1/50 una mwanga wa ziada wa stopu 9. Hizo utazila kwa kichujio cha ND, kioo cheusi cha kupunguza mwanga mbele ya lenzi, na kichujio cha bei ya chee kinageuza ngozi kuwa ya kijani au kinaweka msalaba mweusi katikati ya picha. Hela ya ND nzuri iwe ndani ya bei ya kamera, si "tutaona". Joto nalo: Canon EOS R5 ilipotoka mwaka 2020, Canon wenyewe walisema 8K inakwenda dakika 20 hivi katika joto la kawaida la chumbani. Zako si za 8K, lakini hakuna chumba ndani ya dau. Skrini ya Pocket 4K haikunjuki, na juani inageuka kioo cha kujitazama. Betri zake ni zile ndogo za Canon, LP-E6, moja inakufikisha karibu saa ukibahatika. Haina kitulizi cha mtikisiko ndani, na fokasi yake ya kujiendesha haimfuati mtu. GH5 kitulizi chake ni kizuri mno, ila fokasi yake kwenye video hutafutatafuta, na gizani ndiyo dhaifu kuliko zote tatu. A7 III inashika fokasi kama mamba, gizani iko vizuri, lakini biti 8 tumeshazisema, na inasimama yenyewe ikikaribia nusu saa.

Kwa hiyo kabla hamjanunua, kodini. Siku moja moja kwa kila kamera, hata kama itawabidi mshuke Dar. Hela ya kukodi itauma, lakini kuliko kuuza kamera ya mtumba kwa hasara miezi miwili baadaye! Lenzi iwe ileile au yenye upana ule ule wa picha, mtu yuleyule, mahali palepale. Mtu awe mweusi kama mzee wenu, mvalishe nyeupe. Msimamisheni kando ya maji saa saba, kwenye kivuko cha Bweni panafaa, pigeni sekunde 10 kwa mwanga mnaoona ni sawa, kisha ongezeni stopu moja, mbili, tatu, halafu punguzeni vivyo hivyo. Kila mara mtu ashike karatasi iliyoandikwa namba, la sivyo jioni mtagombana. Igeuzeni kamera haraka kushoto na kulia mlingoti ukiwa mbele. Rekodini makuti na maji dakika nzima bila kusogea. Iacheni juani dakika 20 ikiwa inarekodi, muishike mgongoni. Usiku, koroboi moja tu, bila taa ya kusaidia, mtu ageuze kichwa polepole, anyanyuke, atoke nje ya mwanga na kurudi.

Ndani ya Resolve ziwekeni klipu za kamera zote mfululizo, kila moja irudishwe kwenye mwanga uleule kwa kutazama grafu, si kwa macho. Hapo utaona iliyozidishwa stopu mbili kwa kamera moja inarudi nzima na darizi ya kanzu ikiwa na uzi wake, na kwa nyingine inarudi karatasi ya kijivu. Mwombeni mtu asiyejua kamera hizo atazame bila majina. Mimi humwita mke wangu. Hajui logi wala haimhusu, ananiambia tu, "Huyu wa pili ana homa."

Nikilazimishwa kuchagua leo bila jaribio hilo, kwa filamu mliyoieleza, ningechukua Pocket 4K. Inarekodi ndani biti 12 za Blackmagic RAW, ambazo kanzu na uso vinazihitaji, na 3200 yake inaendana na koroboi. Ningekubali mateso yake: betri nne au betri kubwa ya nje, SSD ya USB-C badala ya kadi za bei, kofia ya kivuli juu ya skrini, na mpigaji aliyekaa chini ndani ya dau na kamera kifuani, maana hakuna wa kumtulizia mkono. Mpya mwaka 2018 ilitangazwa kwa dola 1,295, kwa hiyo ya mtumba ikikaribia bei hiyo mnaibiwa. Ilikuwa inakuja na msimbo wa Resolve Studio. Muulizeni muuzaji kama ameshautumia, akiwa ameutumia shusheni bei. Na kama mnajijua kwamba mtakuwa wawili tu, mmoja akiwa ameshika kinasa sauti (kishikwe kweli, maik ya juu ya kamera upepo wa bahari utaila), na fokasi ya mkono bado inawapiga chenga, chukueni A7 III, achaneni na S-Log3, pigeni kwa wasifu wa Cine4, mpangilio wa picha uliomo ndani ya kamera, na mlinde kanzu kwa zebra. Itatoka vizuri kuliko RAW isiyokuwa kwenye fokasi.

Mkishajaribu, nitumieni klipu ya koroboi nizitazame ndevu za mzee. Lakini faili lenyewe, C0001 au .braw, si kwa WhatsApp.